"Umekuja na nani?" Kisa cha fundi wa kujitolea na posa ya Ngamiani

Kisa hiki kilinifikia kikiwa kimeshaharibika nusu. Posa ilikuwa imekataliwa, kibali cha mposaji kilikuwa kinakaribia kwisha, na mjomba wa binti alikuwa ameapa kutozungumza na mtu huyo tena. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga. Siku zangu nyingi zinakwenda kwenye mirathi, matunzo ya watoto na ugomvi wa mipaka ya viwanja, si kwenye posa. Lakini mzee aliyekuwa mwenyeji wa kijana yule ni jirani yangu, na alinijia akitaka vitu viwili: maneno ya kumpelekea mjomba, na mtu anayejua karatasi.

Majina ninayaacha, na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha nimeyageuza. Wenyewe wameridhia kisa chao kiandikwe, kwa sharti kwamba nisikifanye kitamu kuliko kilivyokuwa.

Binti ni fundi cherehani, Mdigo, ana kibanda chake kwenye mojawapo ya zile barabara za namba pale Ngamiani. Baba yake alishafariki. Kijana ni Mjerumani, fundi umeme wa kusomea, aliyekuja kwa mpango wa weltwärts, ambao serikali ya Ujerumani iliuanzisha mwaka 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28 wanaotaka kujitolea nje. Alikuja kwa mwaka mmoja kufundisha ufungaji wa sola katika chuo cha ufundi.

Walikutana kwa sababu ya ovaroli. Chuo kilitaka wanafunzi wa umeme washonewe, na kijana akatumwa kupeleka kitambaa. Mafundi wawili wa kwanza waliuliza urefu na upana wa wanafunzi, basi. Binti yeye alimwambia arudi na vifaa vya kazi. Akavipanga juu ya meza ya kukatia: plaizi, bisibisi mbili, testa, kisu cha kumenyea waya. Akaipima plaizi kwa tepu, akachora mfuko kwa chaki, kisha akauliza mtu akiwa juu ya ngazi huchomoa testa kwa mkono gani, na ule mwingine unakuwa umeshika nini. Kijana alinisimulia ovaroli hizo kwa kirefu kuliko alivyonisimulia harusi yake.

Yaliyofuata hayahitaji mchambuzi. Ovaroli zilikuwa nyingi, hazikuisha upesi, na Tanga ni Tanga.

Kilichonishughulisha mimi ni jinsi mtaa ulivyomsoma yule kijana. Mtu wa kujitolea huishi kwa posho. Chumba amepewa, chakula anakula kwa mwenyeji, anachobakiwa nacho mkononi ni pesa ya vocha na nauli. Mwanafunzi wake aliyekuwa akifunga nyaya mitaani jioni aliweza kumzidi kipato kwa mwezi mzuri. Lakini mtaani alikuwa Mzungu, na Mzungu ana pesa, hilo halijadiliwi. Kwa hiyo tangu mwanzo binti alionekana ameopoa. Kaka zake wakaanza kusalimiwa kwa heshima mpya. Wenzake wa kibandani wakaanza kumwomba awakopee kwa mtu ambaye yeye ndiye aliyekuwa anamkopesha. Binti aliyajua mapema, kwa sababu alikuwa akimlipia kijana nauli ya daladala mwisho wa mwezi, na akanyamaza. Ninaona alifanya vizuri kunyamaza. Angesema, nani angemwamini?

Miezi miwili kabla ya mwaka kwisha, kijana akaenda kwa mjomba. Alivaa kanzu aliyoshonewa na binti, akanunua sukari na majani ya chai, akabisha hodi baada ya alasiri. Kiswahili chake kilikuwa kizuri tayari. Alieleza kwamba anampenda binti na anataka kumuoa.

Mjomba akamuuliza, "Umekuja na nani?"

"Nimekuja peke yangu."

"Basi hujaja."

Akampa chai, akamsindikiza mpaka barabarani, ikaishia hapo.

Watu wengi walionisikia nikisimulia hulichukua jibu hilo kuwa ni kiburi cha wazee au chuki dhidi ya wageni. Sikubaliani nao. Wajerumani hawana ugeni hapa. Mji wetu una udugu na mji wa Eckernförde tangu 1963, na mjomba mwenyewe alifanya kazi bandarini miaka mingi na mataifa ya kila rangi. Alipokuja kuzungumza na jirani yangu alieleza hoja yake waziwazi. Kijana huyu akiumwa, kuna taasisi itakayopigiwa simu. Akipotea, kuna ubalozi. Lakini akimpiga mke, akimnyima matumizi, akiondoka usiku na mtoto, atafuatwa nani? Taasisi ilimleta kufundisha sola. Haikumleta kuoa, na haitakaa barazani kusikiliza shauri la ndoa.

Hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana, na ndiyo iliyonifanya nikishike kisa hiki. Kujitolea humpa mtu nafasi ya ajabu katika mji: anakaribishwa kila nyumba na hawajibiki kwa yeyote. Mwaka ukiisha anaagwa kwa pilau na picha. Anayetaka kuoa anaomba kitu cha aina nyingine kabisa, yaani apatikane watu wa kulaumiwa kwa niaba yake. Kijana alikuwa amejiandaa kwa kila swali kuhusu dini, kazi na mapenzi yake. Hili la watu halikuwa limempitia akilini, kwa kuwa kwao mtu mzima anajiposea mwenyewe na wazazi wanaarifiwa kwa simu.

Uamuzi mkubwa baada ya hapo ulitoka kwa binti, na kwa maoni yangu ndio bora kuliko yote katika kisa hiki. Kijana alitaka waharakishe, wafunge ndoa kabla kibali hakijaisha. Binti akakataa. Akamwambia amalize mwaka wake, aagwe kama wenzake, arudi kwao akafanye kazi, na akiwa bado anataka, aje kwa nauli yake mwenyewe. Hakutaka kuolewa na mtu aliyekuwa Tanga kwa sababu ya mkataba wa mtu mwingine. Mama yake alilia. Kaka zake walikasirika, na walikuwa na sababu zao. Yeye akarudi kwenye cherehani.

Kabla ya kuondoka kijana alisilimu. Hapa niliingia kidogo, kwa sababu ni wajibu wangu kumweleza mtu njia zote. Mwanamke wa Kiislamu haozeshwi kwa nikaha na mwanamume asiye Mwislamu, lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaruhusu wawili kama hawa kufunga ndoa ya kiserikali, kila mmoja na dini yake. Niliwaambia wote wawili. Binti alisema hataki ndoa ambayo mama yake hatakaa mkekani. Kijana alisema alikuwa ameshaanza kuswali kabla ya habari za posa. Mimi sina kipimo cha moyo wa mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba alisilimu pasipo na tarehe yoyote ya harusi, akaifunga Ramadhani iliyofuata kwao, peke yake, na mjomba alizipata habari hizo bila kuletewa na mhusika.

Alirudi baada ya mwaka na kidogo. Safari hii jirani yangu alimchukua kama mwanawe. Akatafutwa mshenga, mzee wa Chumbageni anayejua kuzungumza. Ikaandikwa barua ya posa, ikafungwa kwenye kitambaa pamoja na pesa yake ya kufungulia. Wazazi wa kijana waliongea na mjomba kwa simu ya picha, kijana mwenyewe akiwa mkalimani wa posa yake, jambo ambalo mshenga alililalamikia wiki nzima. Mama wa kijana aliulizwa swali moja tu: ukisikia mwanao amekosea huku, utakuwa upande wa nani? Akajibu kwamba atapanda ndege. Mjomba akacheka, na majadiliano ya kilemba, mkaja na kiosha miguu, yaani ada za upande wa binti, yakaanza hapohapo. Mahari alitaja binti mwenyewe: cherehani ya umeme ya kushonea vitambaa vizito, na msahafu.

Kila mtu akadhani imekwisha. Sheikh ndiye aliyeuliza walii, yaani msimamizi wa kumuozesha binti, ni nani.

Kwa Wadigo mjomba ana sauti kubwa, desturi imempa. Lakini katika sheria ya dini mjomba wa upande wa mama si walii. Baba amekufa, babu amekufa, na kaka wote wa binti ni wa mama mmoja, baba mbalimbali, kwa hiyo nao hawamo. Aliyebaki ni baba mdogo, naye alikuwa anaishi upande wa pili wa mpaka, Kwale, hana mazungumzo na familia ya Tanga tangu ugomvi wa minazi ambao hakuna aliyetaka kunieleza vizuri. Mjomba aliyekuwa amemfundisha kijana somo la kuja na watu akajikuta yeye mwenyewe anatafuta watu. Walipita mpaka wa Horohoro wanne, mjomba mbele, wakarudi na idhini ya baba mdogo ya kumpa sheikh uwakala wa kuozesha kwa niaba yake. Sikuhudhuria, lakini nimeambiwa posa ilizungumzwa dakika kumi na minazi mpaka magharibi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita ya karatasi upande wa kijana. Mgeni anayeoa hapa hutakiwa kuthibitisha kwamba hana kizuizi cha ndoa, na Wajerumani wana hati yao ya kazi hiyo, Ehefähigkeitszeugnis, inayotolewa na ofisi ya ndoa ya kwao na kudumu miezi sita tu. Ajabu ni kwamba hati hiyo haitoki bila nyaraka za mchumba, kikiwamo cheti cha kuzaliwa. Binti hakuwa nacho. Alizaliwa nyumbani kwa bibi yake, na miaka yote cheti cha darasa la saba na kitambulisho cha NIDA vilimtosha. Tukaanza usajili wa kizazi uliochelewa kwa utaratibu wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ambao kwa mtu mzima unadai vielelezo na subira. Kwa hiyo ndoa ya Mzungu ilikwama kwa karatasi ya Mdigo. Wanaojiandaa kwa ndoa ya namna hii, anzeni na cheti cha kuzaliwa cha huyu wa hapa.

Sheria inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi alete. Taarifa hiyo hueleza pia ndoa ni ya mke mmoja au ya wake wengi. Ndoa iliyofungwa Kiislamu sheria yetu huichukulia kuwa ya wake wengi, au yenye uwezekano huo, mpaka ionyeshwe vinginevyo. Kijana aliposikia alishtuka, kwani kwao kuoa wa pili ukiwa na wa kwanza ni jinai. Alikuwa anaanza kumuuliza sheikh swali refu. Binti akavuta fomu, akajaza mke mmoja, akamrudishia kalamu.

Harusi ilikuwa nzuri, tuiache.

Sasa wataishi wapi? Ujerumani ilizungumzwa kwa dhati. Mwenzi anayemfuata mumewe kule kwa kawaida hutakiwa kuonyesha Kijerumani cha ngazi ya kwanza, A1, na mtihani wake hufanyika Goethe-Institut, Dar es Salaam. Binti alianza kujifunza, na alikuwa anaweza. Kilichomrudisha nyuma ni hesabu. Tanga ana wateja, ana wanafunzi wawili wa cherehani, ana mama mwenye presha. Kule angeanza kama mke wa mtu. Yeye ndiye aliyesema, na mume akakubali, kwamba kati yao mmoja ameshajaribu kuishi kwa mwenzake na akaweza.

Kwa uamuzi huo mzigo wa sheria ukamhamia mwanamume, na hapa ndipo ninaposimama zaidi kwa sababu wengi wanadhani cheti cha ndoa kinamaliza mambo. Kibali cha ukaazi daraja C alichokuwa nacho akijitolea kilikuwa cha kujitolea, basi. Daraja A ni la wawekezaji, B la waajiriwa. Cheti cha ndoa hakimpi ruhusa ya kufanya kazi. Na sheria zetu haziwatazami mume mgeni na mke mgeni kwa jicho moja. Sheria ya Uraia ya 1995 inamfungulia mwanamke aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa yake. Mwanamume aliyeoa Mtanzania hakutajwa. Yeye anapita mlango wa kila mgeni: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi ya nyuma muda wake wa kuishi hapa ujumlike kufikia miaka saba, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema. Wangekuwa wamebadilishana jinsia, kisa hiki kingekuwa kifupi. Ninaliona hilo ni dhulma kwa wanawake wetu zaidi kuliko kwa waume zao, maana kaka anayeoa nje anaweza kumletea mkewe uraia, dada hawezi, na wote ni raia wa nchi moja.

Basi akahitaji ajira. Kampuni moja ya sola ilimtaka. Chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, mwajiri anatakiwa aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania wa kazi hiyo, na awe na mpango wa kumrithisha mwenyeji ujuzi. Mwenyewe mwaka mzima alikuwa amefundisha vijana wa Tanga kufunga sola. Wanafunzi wake ndio waliokuwa kizuizi cha kibali chake, na wawili kati yao wanaifanya kazi ile vizuri kabisa. Ilibidi aombewe nafasi nyingine, ya kusanifu mifumo mikubwa ya pampu za maji na kuwafunza mafundi wa kampuni. Kibali cha kazi kikatoka, cha ukaazi daraja B kikafuata. Ni cha miaka miwili kwa awamu, na hakihuishwi milele.

La mwisho ni kiwanja. Walinunua Kange, kikaandikwa kwa jina la mke. Haikuwa ukarimu. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimgawii asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Pesa ya kiwanja ilitoka kwenye akiba yake mume, msingi na matofali vilitoka kwenye upatu wa mke na kibanda chake, mabati walichangia. Mke alidai ramani iwe na fremu inayotazama barabara kwa ajili ya vyerehani. Marafiki wa mume waliomtembelea wakamwambia ameibiwa mchana kweupe. Kaka za mke wakaanza kusema "nyumba ya dada" hata mbele yake.

Niliwakalisha wote wawili. Sheria ya Ndoa inadhani mali yenye jina la mmoja ni ya huyo mmoja, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi mwingine. Na ndoa ikivunjika, mahakama huangalia mchango wa kila mmoja, uwe wa pesa, wa mali au wa kazi. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, hata kazi za nyumbani ni mchango. Kwa hiyo risiti za saruji na nondo zina maana, na makubaliano ya maandishi yana maana zaidi. Waliandika, kila mmoja na alichotoa, wakasaini mbele ya wakili. Mume aliona aibu kuandika. Mke hakuona, anaandika madeni ya wateja kila siku.

Nikawapigia na hesabu ya kifo, ingawa hakuna anayeipenda. Wana mtoto mmoja wa kike. Mke akitangulia, kwa mirathi ya Kiislamu mume ana robo, mama wa marehemu sudusi, yaani sehemu moja ya sita, binti nusu. Ukigawa mafungu 12, matatu ni ya mume, mawili ya mama, sita ya binti. Linabaki moja la asaba, yaani ndugu wa kiume wa upande wa baba wanaochukua kinachosalia. Kaka wale wa mama mmoja hawamo kwa kuwa mtoto yupo, kwa hiyo linavuka Horohoro na kwenda kwa baba mdogo, yuleyule wa minazi. Na robo ya mume, kwa kuwa ardhi haiwezi kuandikwa kwa jina lake, itabidi atafutiwe katika thamani. Kaka waliposikia kwamba hawana hata fungu, maneno ya "nyumba ya dada" yalipungua sana.

Mtoto ni Mtanzania kwa kuzaliwa na Mjerumani kwa baba. Akifika miaka 18 sheria yetu itamtaka achague. Baba yake naye ana uchaguzi wake. Ujerumani tangu Juni 2024 inamruhusu raia wake kuchukua uraia wa pili bila kupoteza wa kwanza, lakini Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo miaka saba ikitimia atalazimika kuukana ule wa kwao. Yeye yuko tayari. Anayekataa ni mke. Mama mkwe wake ni mzee, hana mtoto mwingine, na mke anasema hataki siku ya msiba mumewe awe anapanga foleni ya viza kwenda kumzika mama yake mzazi. Hapo bado hawajaelewana, na kibali kinahuishwa mwakani.